Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini ε Yako Haifanani na ya Kitabuni

Toleo hili barua nyingi zinahusu spektrofotometa, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na mmumunyo, na karibu zote zinauliza jambo moja kwa namna tofauti: jinsi ya kupata ufyonzaji wa molari, ile namba inayoandikwa ε, kutokana na vipimo vya maabara. Kanuni yenyewe, iitwayo ya Beer na Lambert, ni fupi: A = ε × l × c. A ni ufyonzaji uliosomwa na mashine, l ni upana wa kuveti (kichupa cha kuwekea sampuli ndani ya mashine) kwa sentimita, c ni ukolezi kwa moli kwa lita. Ugumu hauko kwenye kanuni.

Shikamooni walimu wa safu hii. Tulipewa zoezi la kutafuta ε ya potasiamu pamanganeti. Nilipima gramu 0.0395, nikaimumunya kwenye flaski ya ujazo ya mililita 250, kisha nikachota mililita 2, 4, 6, 8 na 10, na kila moja nikaijazia maji hadi mililita 50. Kwenye urefu wa wimbi la mwanga wa nanomita 525, kuveti ya sentimita 1, mashine ilisoma 0.149, 0.243, 0.341, 0.436 na 0.533. Nikigawanya kila usomaji kwa ukolezi wake napata 3,725, kisha 3,038, 2,842, 2,725 na 2,665. Wenzangu wanasema nichukue wastani, ambao ni kama 3,000. Kitabu kinasema karibu 2,400. Nimekosea wapi? (Mwanafunzi wa stashahada, Mbezi)

Marahaba. Vipimo vyako ni vizuri kuliko unavyodhani. Kilichoharibika ni hesabu. Usichukue wastani.

Tuanze na ukolezi. Moli moja ya pamanganeti ina gramu 158.03, kwa hiyo gramu 0.0395 ni moli 0.00025. Ukiziweka kwenye lita 0.250 unapata moli 0.00100 kwa lita. Mililita 2 ndani ya 50 ni punguzo la mara 25, yaani 0.00004, na kuendelea hadi 0.00020 kwa zile mililita 10. Hapo uko sawa.

Sasa tazama namba zako tano. Kama kosa lingekuwa la kubahatisha, mkono kutetemeka kidogo kwenye pipeti kwa mfano, zingepanda na kushuka bila mpango. Zako zinashuka tu, kwa mfuatano, na mteremko wake ni mkali zaidi kwenye mimumunyo hafifu. Hiyo ni alama ya kitu kimoja: kila usomaji umeongezewa kiasi kilekile. Kiasi kidogo kikiongezwa kwenye 0.1 kinaharibu sana. Kikiongezwa kwenye 0.5 hakionekani sana.

Dawa yake ni kutafuta mteremko wa mstari badala ya kugawanya usomaji mmojammoja. Kwa kikokotoo cha kawaida fanya hivi. Andika ukolezi kwa vizio vya 10⁻⁵ ili usihangaike na sifuri: 4, 8, 12, 16, 20. Wastani wake ni 12. Toa wastani kwenye kila namba: −8, −4, 0, 4, 8. Zidisha kila tofauti kwa ufyonzaji wake na ujumlishe:

(−8 × 0.149) + (−4 × 0.243) + 0 + (4 × 0.436) + (8 × 0.533) = 3.844

Kisha jumlisha vipeo vya pili vya tofauti hizo: 64 + 16 + 0 + 16 + 64 = 160. Gawanya 3.844 kwa 160 upate 0.02403 kwa kila 10⁻⁵, yaani 2,403 kwa kila moli kwa lita. Kuveti yako ni ya sentimita 1, hivyo ε ni 2,400 L mol⁻¹ cm⁻¹. Kitabu chako na maabara yenu vinapatana.

Mwizi ni yupi basi? Wastani wa ufyonzaji wako ni 0.3404. Ukitoa 12 × 0.02403 unabaki na 0.052. Huko ndiko mstari unakokata mhimili wima, wakati ulipaswa kupita karibu na sifuri. Jaza maji matupu kwenye ileile kuveti uliyopimia sampuli, usome kwenye nanomita 525. Ikisoma karibu 0.05, basi blanki (maji yasiyo na sampuli, ya kuiweka mashine kwenye sifuri) uliiweka kwenye kuveti moja na sampuli kwenye nyingine isiyolingana nayo, au ina alama za vidole, mikwaruzo, au ukungu wa kahawia ulioganda ndani. Ukungu huo ni manganizi dioksaidi, nao huondolewa kwa asidi oksaliki hafifu au haidrojeni peroksaidi yenye asidi kidogo. Sabuni peke yake haiuwezi.

Wapo watakaokwambia uibonyeze programu ya kompyuta ilazimishe mstari upite kwenye sifuri, kwa sababu "bila rangi hakuna ufyonzaji". Kwa vipimo vyako hilo lingekupa 2,758, kosa la asilimia 15, huku likikuficha tatizo lenyewe. Usiridhike pia na R² peke yake. Ya kwako ni zaidi ya 0.9999 na bado kuveti ilikuwa chafu. R² inakwambia kama nukta zimekaa kwenye mstari. Haijui mstari huo umeanzia wapi.

Neno la mwisho kwako: andika 2,400, si 2,402.5. Mizani yako inayoishia gramu 0.0001 ina shaka ya asilimia 0.25 kwenye gramu 0.0395 kabla hujagusa pipeti. Tarakimu za ziada ni mapambo.

Mizani yetu inaishia gramu 0.01 tu. Tunaweza kufanya zoezi hilohilo? (Mwalimu, Kigamboni)

Mnaweza, ila si kwa kupima gramu 0.04. Shaka ya 0.01 kwenye 0.04 ni robo nzima. Pimeni gramu 1.58 kwenye flaski ya lita 1. Shaka inashuka hadi asilimia 0.6, na mnapata moli 0.0100 kwa lita. Chukueni mililita 10 kwa pipeti ya balbu, mjazie hadi 100, mmerudi kwenye 0.00100. Pipeti nzuri na flaski nzuri huokoa mizani mbovu.

Ila pamanganeti ina kasoro moja ambayo mizani haioni. Hata ikiwa safi kwenye chupa, sehemu yake huliwa na uchafu wa kikaboni uliomo majini na kugeuka manganizi dioksaidi. Mmumunyo unaotakiwa kuaminika huchemshwa, huachwa upoe, huchujwa kwa pamba ya kioo (si kwa karatasi, maana karatasi nayo huliwa na pamanganeti), na huwekwa kwenye chupa ya kahawia. Kisha ukolezi wake halisi hupatikana kwa titresheni dhidi ya sodiamu oksaleti iliyokaushwa, kwenye asidi ya salfuriki, ikiwa ya moto wa nyuzi kama 60. Moli 2 za pamanganeti humaliza moli 5 za oksaleti. ε ikitoka 2,250 huku mstari ukinyooka na kupita kwenye sifuri, shuku hapa kwanza: pamanganeti iliyomo ni pungufu ya ile uliyoipima.

Mimi ni fundi sanifu maabara huku Temeke. Tunapima chuma kwenye maji ya visima kwa kutumia fenantrolini, kitendanishi kinachokipa chuma rangi. Kitabu kinatoa ε ya 11,100 kwenye nanomita 510. Je, naweza kuitumia moja kwa moja, nisome sampuli na kugawanya, bila kuandaa mimumunyo ya viwango (yenye ukolezi unaojulikana) kila mara?

Kwa kukisia, ndiyo. Kwa majibu ya kumpa mwenye kisima, hapana. Namba ya 11,100 ni sahihi kwa changamano, yaani muungano, la chuma na fenantrolini, lakini ilipatikana kwenye mashine nyingine, yenye upana wake wa mwanga na nanomita zake. Mashine yako ikiwa imehama nanomita chache, au kitendanishi chako kimechakaa, utagawanya kwa namba isiyo yako. Andaa mstari wako, halafu uutumie ule wa kitabuni kuukagua. Vikitofautiana kwa zaidi ya asilimia 3 au 4, tafuta sababu kabla ya kupima hata kisima kimoja.

Mmumunyo mama: pima gramu 0.702 za amonia feri salfeti, chumvi ya Mohr, yenye molekuli sita za maji (gramu 392.14 kwa moli). Imumunye kwenye maji yenye asidi ya salfuriki kidogo, ujaze hadi lita 1. Hiyo ni miligramu 100 za chuma kwa lita. Asidi si urembo: bila hiyo chuma huanza kuoksidika na kuganda kama kutu siku hiyohiyo. Punguza mara 10 upate miligramu 10 kwa lita. Kwenye flaski tano za mililita 50 weka mililita 2.5, 5, 10, 15 na 20, na ya sita iache bila chuma. Hiyo ndiyo blanki.

Kila flaski, pamoja na blanki, ipate mililita 1 ya hidroksilamini hidrokloraidi ya asilimia 10. Itikise, subiri kidogo. Kisha mililita 5 za fenantrolini ya asilimia 0.1, na mililita chache za sodiamu asetati ya asilimia 10 hadi pH iwe kati ya 3 na 5. Jaza maji hadi alama, subiri dakika 10 hadi 15, soma. Mpangilio huu usiugeuze. Hidroksilamini ndiyo inayorudisha chuma cha hali ya tatu kwenye hali ya pili, na fenantrolini huunda rangi nyekundu-machungwa na hicho cha hali ya pili. Ukisahau asetati, pH ikabaki chini sana, rangi huja polepole na usomaji utakuwa unapanda kila ukirudia.

Usomaji unaotarajiwa ni kuanzia takriban 0.1 kwa miligramu 0.5 kwa lita hadi 0.8 kwa miligramu 4. Mteremko utakuwa karibu 0.199 kwa kila miligramu kwa lita. Kuugeuza kuwa ε, zidisha kwa 55,845, kwa kuwa moli moja ya chuma ina miligramu hizo: 0.199 × 55,845 = 11,113. Wengi huzidisha kwa 55.845 wakapata 11.1, wakashangaa.

Sasa kisima. Maji ya kisima hutoka yakiwa meupe, na baada ya muda ndani ya dumu yanageuka ya kahawia na kutua chini. Ukichota ya juu kesho yake, chuma umekiacha chini ya dumu. Weka asidi palepale kisimani, kiasi cha kushusha pH chini ya 2, kwenye chupa iliyosuuzwa kwa asidi. Kama unataka chuma chote, pamoja na kile kilichokwisha kuwa kutu, chemsha sampuli na asidi kabla ya kuongeza vitendanishi.

Jambo la pili ni maji yenye chuma kidogo. Kuanzia karibu miligramu 0.3 kwa lita nguo nyeupe huanza kushika madoa, kwa hiyo huko ndiko wateja wako wanakouliza. Ukichukua mililita 25 za sampuli ndani ya flaski ya 50, hiyo 0.3 inakuwa 0.15, na kwenye kuveti ya sentimita 1 utasoma 0.030 tu. Alama moja ya kidole inatosha kuifuta. Tumia kuveti ya sentimita 5: usomaji unakuwa 0.149. Kumbuka tu kwamba l sasa ni 5, na kwamba jibu lizidishwe kwa 2 kufidia mililita 25 zilizokuwa 50. Makosa haya mawili, la kuveti na la punguzo, ndiyo yanayotoa majibu yaliyokosea mara tano au mara mbili kamili. Ukiona jibu limekosea kwa namba nzima hivyo, usiilaumu mashine.

Mashine yetu ya zamani ina mshale na inaonyesha asilimia ya mwanga uliopita tu. Nilisoma 35.5, nikatoa kwenye 100 nikapata ufyonzaji wa 64.5, yaani 0.645. Mwenzangu anasema ni 0.450. (Msomaji, Ubungo)

Mwenzako yuko sahihi. A = 2 − log ya asilimia hiyo. Log ya 35.5 ni 1.550, kwa hiyo A ni 0.450. Ulichokipata wewe ni asilimia ya mwanga uliopotea, na hiyo haikui sambamba na ukolezi. Ukolezi ukiongezeka mara mbili, mwanga uliopita haupungui nusu. Kutoka asilimia 35.5 unashuka hadi 12.6.

Mashine ya mshale isome kati ya asilimia 20 na 65, yaani ufyonzaji wa takriban 0.2 hadi 0.7. Upande wa chini wa kipimo namba za ufyonzaji zimebanana, na mshale ukikosea kidogo unakosea sana. Tena kuna mwanga mzururaji, ule unaofika kwenye kipokezi bila kuwa wa nanomita uliyochagua. Ukiwa asilimia 1 tu, mmumunyo wenye ufyonzaji wa kweli wa 2.00 utasomwa 1.70. Mstari unaanza kuinama kuelekea chini kwenye ukolezi mkubwa na ε inaonekana imepungua. Punguza mmumunyo, usiuamini.

Kidato cha sita hatuna pamanganeti ya kutosha. Mrututu (salfeti ya shaba) unafaa? (Mwalimu wa kemia, Kinondoni)

Unafaa sana, na ni salama kwa mikono ya wanafunzi kuliko mengi, ila utafute wa maabara. Ule wa duka la pembejeo wa kupulizia mimea unafaa kuonyesha rangi, haufai kutafuta ε.

Rangi ya mrututu ni hafifu mno: ε yake kwenye maji ni kama 12 tu, karibu na nanomita 800. Kwa hiyo tumia mimumunyo mizito, 0.01 hadi 0.05 moli kwa lita. Gramu 12.48 kwenye lita 1 hutoa 0.05, na kwa ukubwa huo hata mizani ya gramu 0.01 inatosha. Kosa la kila mwaka ni kusahau maji yaliyomo kwenye fuwele. Mrututu wa bluu ni gramu 249.7 kwa moli, 159.6 ni wa ule mweupe uliokaushwa. Mwanafunzi akitumia 159.6 atapata ε ya karibu 7.7 badala ya 12.

Ongezeni amonia ya kutosha kwenye mmumunyo uleule na rangi inakuwa bluu iliyokolea. Ε inapanda hadi karibu 50, na kilele kinahamia jirani na nanomita 600. Shaba ni ileile, moli ni zilezile, waliobadilika ni majirani wake. Hapo mwanafunzi anaona kwa macho kwamba ε ni mali ya changamano zima, si ya shaba peke yake.

Kama mna kolorimita ya vichujio badala ya spektrofotometa, msitarajie namba ya kitabuni. Kichujio chekundu hupitisha mkanda mpana wa mwanga, na mtapata ε ndogo zaidi, pengine na mstari unaoinama kuelekea chini kwenye ukolezi mkubwa. Zoezi la mstari bado ni halali.

Kitabu kimoja kinasema ε ya pamanganeti ni 2,400, kingine 240. Kipi kimekosea? Na je, ni kweli kanuni hii ni ya Beer na Lambert? (Mwanafunzi, Mlimani)

Hakuna. Cha pili kimetumia mita za mraba kwa moli, kizio kikubwa mara kumi kuliko L mol⁻¹ cm⁻¹, hivyo namba inakuwa sehemu ya kumi. Soma kizio kabla ya kusoma namba. Na kwa kuwa umeuliza pia kuhusu jina: ni kweli Lambert aliandika mwaka 1760 na Beer mwaka 1852, lakini Mfaransa Pierre Bouguer alikwisha kueleza jinsi mwanga unavyopungua kwa unene tangu 1729. Jina lake hutajwa kwenye baadhi ya vitabu, kwa vingine ameachwa nje ya mlango.

Tunapima kwenye nanomita 260 na mashine inasoma zaidi ya 3 hata kwa maji matupu. (Maabara ya wanafunzi, Upanga)

Kuveti ni ya plastiki au ya kioo cha kawaida. Vyote viwili huzuia mwanga wa chini ya takriban nanomita 320. Tumieni ya kwazi. Na hakikisheni taa ya dyuteri imewaka. Ile ya halojeni haifiki huko kwa nguvu ya kutosha.

Usomaji wetu unapanda wenyewe dakika mbili za kwanza, halafu unashuka. Sampuli tunazitoa kwenye friji. (Fundi sanifu, Tabata)

Kuveti inatoka jasho. Kwa unyevu wa hewa ya Dar es Salaam, hasa Machi na Aprili, kioo cha baridi kikitoka kwenye friji hufunikwa na matone madogo yanayotawanya mwanga, na mashine huyahesabu kama ufyonzaji. Yakikauka, usomaji unashuka. Acheni mimumunyo ifikie joto la chumba ikiwa imefunikwa, nusu saa hivi, kisha futeni pande mbili zinazong'aa kwa karatasi laini, mkishika zile zisizong'aa.

Joto lenyewe halina madhara makubwa kama watu wanavyoogopa. Flaski zimepimwa kwa nyuzi 20. Maji yakipanda hadi 30 hutanuka kwa asilimia 0.26 tu. Kinachoumiza zaidi ni umeme ukikatika katikati ya kazi. Ukirudi, taa inahitaji kama nusu saa kutulia, na blanki lazima isomwe upya. Viwango vilivyosomwa kabla ya kukatika visichanganywe kwenye mstari mmoja na sampuli zilizosomwa baada yake. Rudieni angalau kiwango kimoja cha katikati: kikitoka na namba ileile ya awali, endeleeni, kisipotoka, anzeni mstari mpya.